NGOME ILIYOFUNGULIWA MILANGO
(Hotuba kwa wananchi wa Mwandiga, Kigoma)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa majengo ya kale. Nitaanza na mfano wa Lamu, pwani ya Kenya, kisha nitarejea kwetu.

Baada ya Vita vya Shela, ambamo watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa, wenyeji waliomba himaya ya Sayyid Said wa Oman. Kwa msaada wake ngome ya Lamu ikakamilika mwaka 1821. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni iliigeuza kuwa jela, na jela ikabaki hadi mwaka 1984. Kwa zaidi ya miaka 70 hapana mzazi aliyemwombea mwanawe aingie humo. Ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikakarabatiwa, na ndani yake ikawekwa makumbusho na maktaba ya umma. Palipofungiwa watu pakawa mahali pa kusomea.

Ndugu wananchi, jengo la kale halihifadhiwi kwa kufungwa kufuli. Nyumba isiyo na mtu huvuja bila ya kuonekana, na mchwa hula boriti pasipo wa kuwafukuza. Jengo likipewa kazi, wanaolitumia ndio walinzi wake wa kwanza.

Ukarabati nao una adabu zake. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, nayo huruhusu unyevu kutoka. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, na chumvi hulila jiwe. Hata ukuta wetu wa matofali ya udongo huharibika vivyo hivyo. Fundi mwema huuliza kwanza jengo lilijengwa kwa nini.

Sasa tutazame kwetu. Tunayo stesheni ya reli ya Kigoma, iliyojengwa enzi za Wajerumani. Tunao mji wa Ujiji, kituo cha misafara ya pembe na ya watumwa, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye hulindwa likitangazwa na Waziri. Kwa hiyo nyumba nyingi za mababu zetu hazina mlinzi ila sisi.

Nawaombeni basi: kabla ya kubomoa nyumba ya zamani ili mpate matofali, toeni taarifa kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya. Na kijiji kinapotafuta chumba cha vitabu, kisikimbilie kiwanja kipya kabla ya kuyatazama mapaa yaliyokwisha kusimama. Watoto wetu wanahitaji mahali pa kusoma, na kuta hizo zinahitaji watu.