Msiseme "Chango Tu"

Wasikilizaji, kila Machi mnasikia kwamba huu ndio mwezi wa kuzungumzia endometriosisi duniani. Jina ni gumu. Maumivu yenyewe Pemba tunayajua, ila tumeyapa jina jepesi: chango. Chango tu. Vumilia mwanangu, ukizaa yatakwisha.

Hilo "ukizaa yatakwisha" ndilo linalotutia hofu.

Endometriosisi ni hivi: nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota pasipo pake, kwenye vifuko vya mayai, kwenye mirija, ikavimba na kuacha makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria mmoja katika kila wanawake kumi wenye umri wa kuzaa anayo. Wengine hushika mimba kwa tabu. Wanaoshika, wengi hujifungua salama, na hilo tuliseme kwa sauti. Lakini utafiti wa Scotland wa mwaka 2015, uliochunguza wanawake karibu 15,000, ulikuta hatari ya mimba kuharibika imezidi kwa asilimia 76 kwa wenye maradhi haya, na mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi karibu mara tatu.

Mimba ya nje haingoji. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni, na mke wa kisiwa cha Kojani ana mashua ya kuvuka kabla hajaiona barabara ya Wete. Saa hiyo, atakayemwambia "chango tu" anamchelewesha, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Mimba ikiharibika, nani hulaumiwa? Yeye. Alibeba ndoo nzito. Ana jini mahaba. Ikiharibika ya pili, mume anashawishiwa aoe mwengine. Hakuna anayekumbuka kuwa tangu msichana alikuwa akigaagaa chini kila mwezi, akikosa skuli, na sisi tukisema chango. Chango tu!

Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alijitokeza akasema hadharani: ameumwa tangu usichana, amepasuliwa zaidi ya mara kumi. Mwaka 2017 alijaaliwa mtoto wa kiume. Tunamshukuru kwa kusema. Binti wa Micheweni naye asemewe na nani?

Asemewe na sisi. Mama, hedhi ikimlaza bintiyo chini, mpeleke hospitali, usimpe neno la kuvumilia. Baba, mkeo aliyeharibikiwa na mimba hakukukosea; mshike mkono mwende pamoja kwa daktari. Wauguzi wa kliniki za wajawazito, ulizeni hedhi za kila mjamzito zilikuwaje, muandike. Wizara ya Afya, wafundisheni wauguzi hao kuuliza.

Na wewe mwenye mimba changa, ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au damu, au kizunguzungu, usingoje kupambazuke. Hospitali ya Chake Chake, Wete, Abdalla Mzee, popote palipo karibu nawe. Nenda usiku huo huo.