Chupa Juu ya Mabati

Mazungumzo kwa wakazi wa Wadi ya Kiplombe kuhusu mwanga wa jua na maji ya kunywa



Pazia la dirisha linalopigwa na jua hupauka, hata katika miezi ya baridi. Si joto linalolipausha. Ni mwanga unaovunja rangi, na mwanga huohuo unaweza kuua viini vya ugonjwa ndani ya maji.

Nyumba nyingi zisizo na maji ya mfereji hutegemea visima vilivyochimbwa kwa mkono, na pengine choo cha shimo hakiko mbali. Kuchemsha ni njia nzuri, lakini makaa ni pesa. Makaa yakiisha, mtoto hunywa maji yalivyo.

Mwaka 1980, Aftim Acra na wenzake kule Beirut, Lebanon, walionyesha kwamba jua linaua viini katika maji ya chumvi na sukari wanayopewa wanaoharisha. Hapa Kenya jambo hilo lilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Nyumba nyingine ziliweka chupa juu ya paa, nyingine ziliziweka ndani. Watoto waliokunywa maji ya paani waliharisha kidogo kuliko wenzao.

Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, huharibu viini moja kwa moja. Pia huamsha hewa ya oksijeni iliyomo majini, nayo ikageuka kuwa kali na kutoboa ngozi ya kiini. Ndiyo sababu chupa hujazwa robo tatu kwanza, ikatikiswa kwa nguvu ili hewa iingie, kisha ikajazwa kabisa. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, kwa hiyo mionzi hiyo ni mikali hata upepo ukiwa baridi.

Chupa iwe ya plastiki angavu, isiyozidi lita 2, bila karatasi ya nembo. Ya kijani au iliyochakaa kwa mikwaruzo haifai. Ilazwe juu ya mabati kwa saa 6 za jua. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, kama Julai na Agosti, iachwe siku 2 mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, ni afadhali kuchemsha au kutumia klorini.

Maji yenye tope hayasafiki hivi, kwa kuwa mwanga haupenyi. Simamisha chupa juu ya gazeti, uchungulie kupitia mdomoni. Usipoweza kusoma kichwa cha habari, chuja kwanza.

Maji yanywewe kutoka chupa hiyohiyo. Kuyamimina kwenye ndoo chafu ni kuyarudishia viini.

Jua haliondoi mbolea wala dawa za shambani. Kisima kilichoingiwa na maji ya shamba la mahindi kiripotiwe kwa afisa wa afya ya umma.