*NENO LA KATIBU WA TAWI KUHUSU BARABARA YETU YA NDANI*



Wengi mlikosa mkutano wa Jumapili kwa sababu ya mvua na msiba. Mwenyekiti ameagiza maneno niliyoyasema pale yaandikwe na yamfikie kila mwanachama. Ni marefu kidogo, lakini naomba yasomwe hadi mwisho, maana mwishoni kuna kazi.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati ya Tawi, wazee wetu, akina mama, vijana,

Nina jambo moja tu leo, nalo ni barabara yetu ya kutoka lami hadi kule bondeni.

Wiki tatu zilizopita, saa nane za usiku, mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu. Bajaji ilifika kwenye dimbwi lililo mbele ya nyumba yangu, ikazima. Vijana wanne wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakambeba ndani ya maji yanayofika magotini mpaka lami. Tunamshukuru Mungu, mama mzima na mtoto mzima. Mimi nilikuwa getini nawamulikia kwa tochi ya simu, na nilijua jambo ambalo vijana wale hawakulijua. Lile dimbwi ni langu.

Mwaka 2018 mimi na baba watoto tulipojenga ukuta, tulisogea mbele hatua moja na nusu tukafukia mtaro. Maji yote yanayoteremka kutoka juu yakakosa njia, yakahamia barabarani. Tangu hapo kila masika mnachanga, mnaleta kifusi, mnamwaga pale pale, na kila masika kinaondoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta, ufa nikawaachia ninyi. Naomba radhi mbele ya mkutano huu.

*Kwa nini Serikali haiji kuitengeneza?*

Hili ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, yaani za mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA tangu 2017. Yetu haimo kwenye orodha yao. Mnakumbuka ilivyozaliwa: mzee aliyetuuzia viwanja aliacha njia ya ng'ombe katikati, kila mnunuzi akaipanua kidogo, magari yakaanza kupita. Kwenye karatasi zetu za mauziano imeandikwa tu "imepakana na njia". Ni njia yetu wenyewe wakazi.

Kuna ndugu aliuliza, "Mbona tunakatwa tozo ya mafuta?" Hoja yake ni ya haki. Tozo inaingia Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Hata mama anayepanda bodaboda anailipa ndani ya nauli. Lakini fedha hiyo inakwenda kwenye barabara zinazotambuliwa. Kwa hiyo tunazo kazi mbili kwa pamoja: kudai yetu itambuliwe, na kuilea wakati tunadai. Ofisi ya mtaa imetuelekeza tuanze na barua ya wakazi wote kuachia eneo la barabara kwa maandishi. Nyumba moja ikikataa, barua haiendi. Tukingoja ahadi za uchaguzi wa mitaa wa 2029, tutabeba wajawazito wengi kwenye viti.

*Nani alipe, na kiasi gani?*

Hapa ndipo tunapogombana kila mwaka.

Wa mbele, karibu na lami, wanasema, "Sisi tunatembea hatua ishirini tu, wa bondeni ndio wanaoichakaza." Nilikuwa nasema hivyo hivyo, nyumba yangu ni ya pili kutoka lami. Lakini maji hayajali nani anaishi mbele. Mtaro wa wa mbele ukiziba, wa nyuma wanafungiwa. Na wa nyuma wakielekeza maji yao ya bafu barabarani, njia inaoza kwa wote.

Wasio na gari wanasema, "Mimi sina hata baiskeli." Kweli, mguu wa mtu hauchimbi shimo kama tairi la lori. Lakini mtungi wa gesi, boza la maji, gari la wagonjwa na gari la maiti vyote vinapita njia hiyo hiyo kuja kwako.

Pendekezo langu, lijadiliwe na wakazi wote, ni hili. Kila nyumba itoe kiwango kimoja cha chini kwa mwezi, shilingi 3,000. Mwenye gari aongeze 5,000. Anayejenga achangie kwa kila tripu ya lori la mchanga, kokoto au tofali, maana lori moja lililojaa linaumiza njia hii kuliko gari dogo kupita siku nyingi. Mpangaji asidaiwe. Alipe mwenye nyumba, kwani barabara nzuri inapandisha thamani ya kiwanja chake. Mjane na mzee asiye na kipato watoe walichonacho, au wasamehewe bila kutangazwa. Asiye na pesa ila ana nguvu, jembe lake lihesabiwe kuwa mchango.

Na tusifunge mnyororo wala kuweka geti kumzuia asiyelipa. Mchango wetu ni wa makubaliano, hauna nguvu ya kodi. Asiyelipa tumfuate nyumbani kwa adabu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku mgonjwa wake atakapopita, apite.

*Fedha zilizoliwa*

Tuseme ukweli. Mchango wa mwisho haukusomewa mapato na matumizi. Sijui kama kuna aliyekula, ila najua hakuna aliyeonyesha hesabu, na kwa mchangaji hayo mawili yanafanana. Ndiyo maana watu wamechoka.

Safari hii fedha ziwekwe kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu: mmoja wa mbele, mmoja wa katikati, mmoja wa bondeni. Kila mwezi karatasi moja ibandikwe kwenye duka la pale kona: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Anayeleta moramu apokelewe na watu wawili wanaohesabu tripu.

*Tuanze na maji*

Tumemwaga kifusi miaka mingi bila faida kwa sababu tulianza mwisho. Kifusi kikimwagwa juu ya dimbwi kinageuka tope. Kwanza mitaro izibuliwe pande zote mbili. Pili, pale maji yanapokatiza liwekwe karavati. Tatu, barabara iinuliwe katikati iwe na mgongo, maji yateremke pembeni. Ndipo moramu imwagwe na kushindiliwa. Na tuache kutupa mabaki ya tofali, misumari na vigae, tukijidai tunasaidia. Vijana wa bodaboda wanajua hesabu ya pancha zao.

*Na Chama je?*

Hili nalisema kama Katibu wenu, na najua si wote watalifurahia. Kuna waliopendekeza tawi lishike mchango huu, bendera isimikwe pale kwenye karavati, ijulikane nani kafanya. Nasema hapana. Kati ya wale vijana wanne waliobeba kiti, wawili si wa Chama chetu, na mmoja wao alinipinga waziwazi kwenye kampeni za 2024. Hakuuliza kadi ya mgonjwa kabla ya kushika mguu wa kiti.

Tukiigeuza barabara kuwa mali ya tawi, nusu ya nyumba hazitachangia, barua ya ofisi ya mtaa haitakamilika saini, na tutabaki na bendera nzuri katikati ya tope. Kamati iwe ya wakazi. Mwanachama wetu aingie humo akichaguliwa na majirani, asipelekwe na tawi.

Kazi ya mwanachama ni kulipa wa kwanza, kufika na jembe wa kwanza, na kukubali kukaguliwa wa kwanza. Watu wakitupenda kwa hilo, vizuri. Wasipotupenda, barabara itapitika hata hivyo.

*Tunayoombwa kufanya*

1. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, siku ya usafi, saa moja asubuhi, kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye jembe, sururu au beleshi. Tunaanzia mtaroni, mbele ya nyumba yangu.

2. Siku hiyo hiyo, saa nne, wakazi wote wakae chini ya mwembe, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, wachague kamati na kupanga viwango. Haya ya kwangu ni mapendekezo tu.

3. Barua ya kuachia eneo la barabara itakuwepo kwa ajili ya saini. Njoo na nakala ya karatasi yako ya mauziano.

4. Aliyejenga juu ya mtaro ajitokeze mwenyewe. Hatutamtaja mtu, ila tukipita na kamba kila mmoja ataona.

Mimi nimeshaongea na fundi. Ukuta wangu unavunjwa Alhamisi hii, hatua moja na nusu, kwa gharama yetu. Baba watoto alinuna siku mbili, kisha akaenda mwenyewe kupima. Tofali zitakazosalimika nazitoa kwa ajili ya kujengea kingo za mtaro.



_Imetolewa na Ofisi ya Tawi. Ukishasoma, msomee na jirani asiye na simu janja, awe mwanachama au asiwe._