Kuosha Gari: Kwa Mkono au kwa Mtambo?

Leo tutazungumza juu ya kuosha gari. Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, mimi sina gari, hata baiskeli sina. Somo hili lanihusu nini?" Ndugu yangu, ngoja kidogo. Kama unakunywa maji, somo hili ni lako.

Sisi watu wa Morogoro tuna bahati. Milima ya Uluguru huzuia pepo zenye mvua zitokazo Bahari ya Hindi, na maji huteremka kwa mito mingi. Mmoja ni Mto Morogoro, upitao mjini. Mto huo huingia katika Mto Ngerengere. Ngerengere huingia katika Mto Ruvu, na maji ya Ruvu husafishwa yakanywewa na watu wa Dar es Salaam. Basi huu mto wetu ni mtungi wa watu wengi.

Siku moja nilimkuta kijana ninayemfahamu akiosha gari mtoni. Magurudumu mawili yalikuwa majini. Mafuta yalidondoka kutoka chini ya injini, yakatanda juu ya maji, yakang'aa rangi nyingi. Hatua chache chini yake, mama mmoja alikuwa akichota maji yale yale kumwagilia mchicha.

Kijana aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba." Nilipomwonyesha yule mama, aliinamisha kichwa. Akasema, "Najua si vizuri, mwalimu. Lakini maji ya mto hayana bili. Nikiosha kwa maji ya bomba, nitabakiwa na nini?" Sikumkaripia. Kazi ile inamlisha yeye na mdogo wake.

Wengine husema dawa yake ni mtambo wa kuosha magari. Mwaka 1962, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, Gebhard Weigele na Johann Sulzbacher waliomba hati ya uvumbuzi wa mtambo wenye brashi mbili kubwa zinazolizunguka gari. Leo mitambo ya namna hiyo iko katika nchi nyingi. Gari huingia likiwa chafu, maji na sabuni hurushwa, brashi huzunguka zenyewe, na gari hutoka safi.

Mtambo una faida mbili kubwa. Kwanza, hutoa maji kwa kipimo, kisha hujifunga. Pili, maji machafu huingia katika shimo lake. Mchanga hukaa chini, mafuta huelea juu yakatengwa, na mitambo mingi hutumia tena sehemu ya maji hayo.

Lakini una hasara pia. Bei yake ni kubwa, nao hautembei bila umeme. Brashi zikishika mchanga hukwaruza rangi ya gari. Hausafishi viti wala mazulia. Tena, mtambo mmoja huweza kuchukua kazi ya vijana wengi. Mkono wa mtu hufika kila pembe, na mtaji wake ni ndoo, kitambaa na sabuni.

Basi ubaya uko wapi? Si katika mkono. Uko katika maji yasiyopimwa, na katika mahali yanapokwenda. Sasa chukueni kalamu tufanye hesabu.

Weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira wa maji. Tuseme imejaa kwa dakika 2. Maana yake mpira hutoa lita 10 kila dakika. Ukiuacha wazi dakika 20, umetumia lita 200. Mwenzako anayeosha kwa ndoo 3 tu ametumia lita 60. Tofauti ni lita 140, yaani ndoo 7, kwa gari moja. Kwa magari 8 ni lita 1,120. Hiyo ndiyo bili aliyoiogopa kijana wetu. Sehemu kubwa yake ni ya maji yanayomwagika bure.

Kwa hiyo, mkono uige tabia njema ya mtambo. Fanyeni hivi.

Kwanza, hameni kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu ukingo wa mto ndani ya mita 60.

Pili, jengeni sakafu ya saruji yenye mteremko na mfereji. Maji yaingie shimo la kwanza, mchanga utuame. Kisha yaingie shimo la pili. Hapo, mdomo wa bomba la kutolea maji uwe chini, ndani ya maji, ili mafuta yabaki juu. Mafuta hayo yakombeni na kuyatia katika kopo. Msiyamwage ardhini.

Tatu, pimeni maji kwa ndoo. Wakati wa masika kingeni maji ya paa katika pipa, maana hayo nayo hayana bili.

Saruji ni ghali kwa mtu mmoja, lakini vijana watano wakichanga, mzigo hupungua.

Hesabu hii nilimwandikia kijana yule katika karatasi. Aliisoma polepole, akaikunja na kuitia mfukoni. Hakuniahidi kuhama. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, sakafu hiyo itakula mifuko mingapi?" Tulikaa chini ya mti, tukaanza kupima kwa hatua.

Kabla ya kuachana, andikeni majibu ya maswali haya. Ndoo ya kwenu hujaa kwa dakika ngapi? Maji machafu ya nyumbani kwenu huenda wapi? Nani anayachota huko chini?

Haya, ndugu zangu. Kwa herini mpaka somo lijalo.