Bei ya Mahindi Ijulikane Kabla ya Kupanda



Mkulima wa Trans Nzoia hupanda mahindi mwezi wa Machi au Aprili, mvua zikianza kunyesha. Huanza kuvuna Oktoba. Kati ya hapo amekopa, amenunua mbegu na mbolea, amelipia trekta na vibarua wa kupalilia, na bado hajui serikali itanunua gunia lake la kilo 90 kwa shilingi ngapi. Bei huja mahindi yakiwa yamesharundikwa uani.

Tukumbuke yaliyotupata. Katika msimu wa 2017 Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, ilinunua gunia kwa shilingi 3,200. Mavuno ya 2018 yalipoingia, serikali ikatangaza 2,300. Bonde la Ufa likapiga kelele, na mwanzoni mwa 2019 bei ikapandishwa hadi 2,500. Lakini mzazi mwenye karo ya Januari hangoji serikali ibadili nia. Wengi walikuwa wameshawauzia mabroka. Mwaka huo wa 2018 Seneti ililazimika kuunda kamati maalumu, ikiongozwa na Profesa Margaret Kamar, seneta wa Uasin Gishu wakati huo, kuchunguza sakata la mahindi. Kilio cha wakulima kilikuwa kwamba wafanyabiashara walilipwa, na wao waliopeleka mazao yao wakabaki kusubiri pesa.

Ninasema tatizo hili ni la sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti kilimo, serikali ya kitaifa ikabaki na sera. Kwa hivyo afisa anayepita mashambani mwezi wa Julai, anayeona kama mahindi yamebeba au yameliwa na viwavijeshi, ni wa kaunti. Lakini bei ya kununulia, idadi ya magunia na siku ya kufungua maghala huamuliwa Nairobi. Mwaka 2015 kanuni ziliunda bodi ya kusimamia hifadhi ya chakula. Mwaka 2020 bodi hiyo ikavunjwa. Chombo kilichosimama juu ya kanuni tu ni rahisi kuondolewa. Ndiyo maana nataka nafasi ya kaunti iandikwe ndani ya sheria yenyewe ya hifadhi.

Halafu kuna suala la unyevu, ambalo wanaotunga miswada hulipitia mbio. NCPB haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mvua nayo mara nyingi hukutana na mavuno. Mkulima mdogo huanika mahindi yake kwenye turubai kando ya barabara, wingu likitanda watoto wanakimbia kuyakusanya, na siku ya tatu yanaanza kuota ukungu. Hapo ndipo broka hufika na lori na kuyachukua yakiwa mabichi, kwa bei anayoitaka yeye. Bei ya serikali, hata ikiwa nzuri namna gani, haimfikii mkulima huyu. Inamfikia mwenye mashine ya kukaushia. Kwa hiyo sheria inayotaja bei bila kutaja ukaushaji katika kila wadi inawahudumia wenye uwezo, na kaunti zinapaswa kulisema hili waziwazi.

Kaunti hazina kauli moja, na hazipaswi kulazimishwa kuwa nayo. Turkana, Marsabit na Mandera, watu wengi hununua mahindi kuliko kuyauza. Wamepita ukame wa misimu mitano ya mvua mfululizo iliyokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020. Kwao bei ikipanda, mtoto hulala njaa, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Hofu yao ni ya kweli. Ila naamini hifadhi inayonunua kwa bei ya haki wakati wa mavuno, kisha ikatoa nafaka katika miezi ya uhaba, inawafaa wa Kitale wanaouza na wa Lodwar wanaonunua kwa pamoja. Mwaka 2022, serikali ilipotoa ruzuku na pakiti ya unga ya kilo mbili ikashuka hadi shilingi 100, nafuu hiyo ilidumu wiki chache tu. Pesa hizo zingenunua mahindi mapema, nayo yangekaa ghalani kama chakula.

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kitaifa na Seneti kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Mabunge ya kaunti yatumie mlango huo, ya wakulima na ya wafugaji. Yapeleke maoni kwa maandishi: bei ya chini itangazwe kabla ya mwisho wa Februari, kaunti zinazolima na zinazokumbwa na ukame zikae kwenye meza inayoipanga, na mkulima aliyekabidhi mahindi ghalani alipwe ndani ya siku thelathini, zikipita adaiwe riba anayemchelewesha.