NJIA YA KUPANDIA DARINI

(Maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya wazee, walimu na wenye nyumba wa milimani)



Jambo nililokuja kuwaeleza leo ni ile njia ya kupandia darini katika nyumba zetu za zamani. Huenda mtu akauliza, je, ngazi nayo ni neno la kukusanyia watu wazima? Naam, ni neno kubwa, kwa kuwa chakula cha nyumba kwa mwaka mzima hupita katika tundu lile, na miguu ya wake zetu na watoto wetu hupita papo hapo.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mtu wa pwani akisikia dari, hufikiri ile sakafu ya juu ya nyumba ya mawe, iliyolazwa juu ya boriti za mikoko. Dari ninayoisema mimi ni ile ya Usambara, Upare na Kilimanjaro, yaani boriti zilizolazwa juu ya jiko toka ukuta hata ukuta, na juu yake fito au mbao, chini kabisa ya paa. Mahindi huwekwa pale, na moshi wa jiko huyakausha na kuwasumbua wadudu. Ni ghala la busara, wala halitaki kiwanja cha pili. Mimi sikuja kuwaambia mlivunje.

Lakini tazameni jinsi tunavyolifikia. Tundu limekatwa karibu na ukuta, mahali ambapo paa limeshuka, hata apandaye hugonga kichwa na kujipinda kama nyoka. Upana wake haupiti mabega ya mtu mzima. Ngazi ni mti mmoja wenye vikato vya shoka, au miti miwili na vipago vilivyofungwa kwa kamba kuukuu. Basi kwa kuwa tundu ni dogo, hutumwa mtoto. Mtoto wa miaka minane hupanda juu ya moto unaowaka, akapapasa gizani, kisha akashuka na kikapu mkono mmoja. Akianguka, huangukia mafiga.

Na ipo hasara nyingine isiyoonekana upesi. Dari isiyofikika haitazamwi. Mahindi yakishapandishwa, hapana mtu mzima ayaonaye tena mpaka siku ya kuyashusha. Zamani pengine hayo yalivumilika, lakini siku hizi yuko dumuzi, ambaye wengine wamemwita Scania. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, naye aligunduliwa nchini mwetu, upande wa Tabora, karibu na mwisho wa miaka ya 1970. Huyageuza mahindi kuwa unga, tena hatosheki na mahindi, hutoboa na miti ya ghala yenyewe. Mkiona vumbi jeupe chini ya kipago cha ngazi, msidhani ni uchafu tu.

Liko na jambo la ukungu. Mwaka 2004 huko Ukambani katika Kenya watu 317 waliugua kwa sumukuvu, na 125 kati yao wakafa, kwa kula mahindi yaliyowekwa yangali na unyevu. Kwa hiyo mahindi hayana budi kukaguliwa kabla ya kupandishwa, na baadaye kila baada ya wiki mbili. Chukueni chupa kavu yenye kifuniko, tieni punje hata robo yake na chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, mtikise kidogo, kisha muiache robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Lakini nani atakayepanda kuyachukua kila wiki mbili, ikiwa kila kupanda ni kuhatarisha shingo?

Basi tuanze na tundu. Lihamisheni kutoka ukutani mkalilete chini ya mgongo wa paa, ambapo nafasi ni ndefu kupita mahali pote, ila lisiwe juu ya jiko. Upana futi 2 na urefu futi 2 na nusu ndio uchache wake; ukiweza kuzidisha, zidisha. Urefu huo uelekee upande ule ule wa boriti, ili tundu likae kati ya boriti mbili pasipo kukata hata moja. Nasisitiza neno hili kwa kuwa watu hodari wa msumeno ni wengi. Boriti ndiyo inayobeba magunia. Ikiwa hapana njia ila kuikata moja, mwiteni fundi seremala. Yeye atalaza mti mnene wa kukingama kila upande wa tundu, uliofungwa imara kwenye boriti za jirani, na ncha iliyokatwa iegemee hapo. Ukikata bila hayo, dari yote italegea, na hutajua mpaka siku ya mavuno.

Sasa ngazi. Chagueni mti ulionyooka, usio na vifundo, mkaratusi uliokauka vizuri wafaa. Vipago vipenye katika matundu yaliyotobolewa kwenye miti ya kando, visipigiliwe misumari usoni tu, maana msumari peke yake hushika mzigo wote na siku moja huchomoka. Nafasi kati ya kipago na kipago iwe inchi 10 hata 12, na zote zilingane. Mguu hukariri, ukizoea inchi 10 kisha ukakuta 14 gizani, mguu hukanyaga hewa.

Mwegamo wake una kanuni nyepesi, nayo walimu mwaweza kuwafundisha watoto katika hesabu: kila futi 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi utoke futi 1. Dari ikiwa juu futi 8, mguu ukae futi 2 mbele. Kichwa cha ngazi kipite sakafu ya dari kwa futi 3, mkono upate cha kushika wakati wa kutoka tunduni, maana watu wengi huanguka hapo hapo, si katikati. Juu ifungwe kwenye boriti. Chini pigilieni kipande cha tairi kuukuu, au chimbieni vigingi viwili visivyotikisika.

Mwenye nafasi afanye ngazi ya vidato vipana vya mbao. Bibi mzee, ambaye sasa huuza mahindi yake shambani kwa bei ya chini kwa kuwa hawezi kuyapandisha, ataweza kuipanda polepole, na kushuka uso ukiielekea.

Mzigo usipandishwe kichwani. Debe moja la mahindi lina kilo 18 au karibu, na mtu aliyebeba hana mkono wa kushikia. Fungeni roda chini ya boriti nene ya paa, kama mabaharia wafungavyo katika jahazi, debe livutwe kwa kamba. Aliye chini akae kando, wala si chini ya debe.

Huko juu, kwa kuwa hapasimamiki, lazeni mbao mbili tatu toka tunduni hata pembeni, mtu atambae juu yake badala ya fito. Zungusheni tundu ubao wa inchi 4, na kifuniko cha bawaba. Koroboi isipande kamwe. Maganda makavu hayangoji. Kurunzi au taa ya jua yatosha.

Kazi hii ifanyeni kabla ya mavuno, dari ikiwa tupu. Na ngazi ikiisha, msiisimamishe kwanza. Ilazeni juu ya magogo mawili yaliyokaribiana, inchi chache tu kutoka chini, kisha aliye mzito kupita wote nyumbani akanyage kipago kimoja kimoja, huku mkisogeza magogo. Kitakacholia, kitolewe siku ile ile.