Jogoo Mzee na Kapu
(Mazungumzo na wanakisomo wa Misima, Handeni)

Ndugu wanakisomo, jogoo mzee mnamjua. Anamaliza mzigo mzima wa kuni, na bado anashinda meno. Na kuni zenyewe akina mama wanazifuata mbali.

Leo tutumie kapu. Si jambo geni: mwaka 1867 sanduku la namna hii lilionyeshwa Paris, Ufaransa. Sisi tunajaza kapu maganda makavu ya mahindi, tunaacha shimo la kuenea sufuria. Kata jogoo vipande vidogo. Mchemshe kwa maji mengi nusu saa, yatokote hasa. Funika, ingiza kapuni upesi, juu weka mto wa maganda. Mwache kwa muda wa saa 4.

Usifunue! Sisi mara ya kwanza tulifunua kuonja, mara mbili, tatu. Joto likatoka, jogoo akabaki mgumu, tukachekwa.

Lakini jihadhari. Supu ya vuguvugu ni nyumba ya vijidudu vya kuharisha. Basi usiilaze kapuni usiku kucha. Ukiitoa, irudishe motoni itokote tena, ndipo uwaite watoto. Ukiikuta imepoa kabisa, mwaga, hata kama inauma.

Kapu la kujaribia hili hapa. Haya, nani ana jogoo?